Chaki kwanza, friji baadaye

Maneno ya fundi seremala wa Keko kwenye mkutano wa mwezi wa kikundi cha kuweka na kukopa, Tabata, Dar es Salaam.

Mama Mwenyekiti, mama Katibu, na wewe mama Mhazini ambaye sanduku lako nimeliona lina kufuli tatu, shikamooni. Dada zangu, habari za asubuhi. Na kina baba wawili mliokaa pale mlangoni kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka, sogeeni mbele. Leo tunaongea jiko, na walaji ni ninyi.

Nimeambiwa kwamba mzunguko huu wa mikopo watu tisa wameandika vyombo vya jikoni. Wapo wanaotaka friji, wapo wa jiko la gesi, wapo wa presha kuka ya umeme, na mmoja, sitamtaja, ameandika "oveni kubwa". Mama Mwenyekiti akanipigia simu: "Fundi, wewe kila siku unaingia majikoni mwa watu, njoo utuambie tununue nini." Nikamwambia nitakuja, lakini nitakuja na chaki na futi. Ndizo hizi mkononi.

Naomba msogeze viti nyuma kidogo. Ahsanteni. Nachora hapa sakafuni: mita 2.4 kwenda kule, mita 1.8 kuja huku. Mlango naweka upande huu mfupi, sentimita 80. Dirisha naliweka mbele yake, upande ule mfupi mwingine. Basi. Mnacheka? Hili ndilo jiko la nyumba nyingi za kupanga ninazoingia mjini hapa, na la fleti nyingi pia. Wengine humu jiko lenu ni dogo kuliko hili, nawajua, nimewajengea.

Mama uliyevaa kitenge cha bluu, tafadhali ingia ndani ya mstari usimame. Usitoke mpaka nimalize, nitakuhitaji.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkadhani nimezaliwa nayajua. Siku za mwanzo za ufundi nilipewa kazi na mama mmoja, jiko kama hili. Nikapima ukuta, nikapima friji lake, nikatengeneza kabati likaligusa friji upande mmoja, na ukuta ukaligusa upande wa pili. Kazi safi, hata kisu hakipiti. Nikalipwa. Baada ya wiki mama ananiita. Mlango wa friji ulikuwa unafunguka ukapiga ukuta, ukaishia nusu. Chupa ya maji inatoka vizuri, lakini zile droo za mboga za chini hazivutiki, maana mlango unazizuia. Kila akitaka kuziosha anavuta friji zima katikati ya jiko. Nilikuwa nimepima friji lililofungwa, na friji hununuliwa ili lifunguliwe. Tangu siku ile kila kitu chenye mlango nakipima mara mbili, kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi, pamoja na mtu aliyesimama mbele yake. Wengi wanasahau huyo mtu.

Kwa hiyo kabla hujakwenda dukani, fanya hiki ninachofanya hapa. Chora chumba chako sakafuni kwa ukubwa wake halisi, uani, sebuleni, popote. Halafu chukua maboksi, viti, ndoo, uviweke pale friji litakapokaa, pale jiko litakapokaa. Kisha ingia upike chakula cha uongo. Pika wali na maharage, toka mwanzo mpaka kuosha vyombo. Chukua mchele, uoshe, umwage maji, weka jikoni. Watoto watakuona umechanganyikiwa. Waache. Ndani ya dakika kumi utakuwa umegundua kosa ambalo dukani lingekugharimu mkopo mzima.

Jambo hili la kulipima jiko kwa hatua za mpishi lina historia, na ni historia ninayoipenda. Mwaka 1926, mji wa Frankfurt kule Ujerumani ulikuwa unajenga nyumba nyingi za wafanyakazi, na mchora majengo mmoja mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, akapewa kazi ya kubuni jiko lake. Likatoka jiko la mita 1.9 kwa mita 3.4, na yakajengwa kama 10,000. Mfano wake mmoja aliutoa kwenye jiko la behewa la chakula la treni. Mliowahi kwenda Mbeya kwa TAZARA mtanielewa: chumba chembamba, mpishi anageuka tu, hatembei, na bado wali unatoka. Yule mama wa Frankfurt hata droo za unga alitaka ziwe za mti wa mwaloni ili funza wa unga wasiingie. Mimi kama seremala hapo namvulia kofia. Lakini mwenyewe alikuja kukiri kwamba alipolichora lile jiko hakuwa mpishi. Na inaonekana, kwa sababu lilikuwa jiko la mtu mmoja peke yake, watoto wako nje. Kwetu nani anapika hivyo? Hapa mtoto anasoma kwenye kigoda, jirani amekuja kuomba chumvi akakaa nusu saa, dada anamenya vitunguu. Jiko letu dogo lina watu wengi kuliko sebule. Tukikopa kitu kwake tukope ile hesabu ya hatua, upweke wake tumwachie.

Baadaye Wamarekani, pale Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1940, wakaja na hesabu ya pembetatu: toka sinki mpaka jiko, toka jiko mpaka friji, toka friji kurudi kwenye sinki. Wakasema ukijumlisha njia hizo tatu zisipungue mita 4 hivi na zisizidi kama 8. Mimi nikiwafundisha vijana wangu nawaambia ni mafiga matatu. Si yale ya kampeni, jamani, haya ya chungu. Maji, moto na baridi. Ukiyajua yalipo, umelijua jiko.

Ila sheria ile ilitungwa kwa majiko makubwa, ambako mpishi anachoka kwa kutembea. Mama wa kitenge cha bluu, hebu nyoosha mikono. Mnaona? Anakaribia kugusa kuta zote mbili. Huyu hatachoka miguu. Shida yake ni nyingine kabisa: akitoa sufuria ya moto jikoni, anaitua wapi? Akitoa samaki kwenye friji, anawatua wapi? Akiosha sahani, inakaa wapi? Nimeingia majikoni nikakuta mama anakatia mchicha juu ya friji. Nimekuta sahani zimepangwa juu ya maikrowevu na maikrowevu iko juu ya jiko ambalo halitumiki kwa sababu juu yake kuna maikrowevu. Ana kila chombo, na hana pa kutua kitu.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote yananing'inia hapo. Kifaa cha kwanza cha jiko dogo ni meza tupu. Hakina plagi, hakiuzwi kwa mkopo, na kila kifaa unachonunua kinakuja kuila.

Sasa tuipange. Mstari huu mrefu wa mita 2.4, karibu na mlango naweka friji, sentimita 60. Linakaa mlangoni ili mtoto anayetaka maji asiingie kwenye mafuta ya moto. Baada ya friji, meza ya sentimita 30, ya kutulia vitu vya friji. Halafu jiko, sentimita 60. Halafu meza tena mpaka kwenye kona, sentimita 90. Kona tunapinda, tunafuata ukuta wa dirisha. Hapo chini ya dirisha linakuja sinki, sentimita 50, halafu sentimita 70 za meza mpaka ukuta wa pili. Ni umbo la herufi L. Kina cha meza ni sentimita 60, kwa hiyo katikati mama amebakiwa na sakafu ya mita 1.2 kwa mita 1.8.

Kwa nini nimeing'ang'ania hiyo sakafu? Kwa sababu kuna mtu atakuja kukaa pale na mbuzi. Vitabu vya majiko vya wenzetu havijui mbuzi ya nazi. Mtu anakuna nazi amekaa, miguu ameitanua, sinia mbele yake. Anahitaji kama mita moja ya mraba peke yake. Ukijaza kabati pande zote mbili ukabakiwa na uchochoro wa sentimita 60, hiyo nazi utaikunia sebuleni kwenye zulia. Au utanunua ya pakiti, shauri yako.

Tena angalieni jiko nilivyoliweka. Sikuliweka chini ya dirisha. Upepo wa dirishani unasumbua moto wa gesi, unaweza hata kuuzima gesi ikaendelea kutoka, na pazia likipeperuka likagusa moto ni habari nyingine. Wala sikulibana kwenye kona, kwa sababu mikono ya sufuria na kiwiko cha mshika mwiko vinataka nafasi pande zote. Sinki ndilo linalokwenda dirishani: bomba la maji machafu linatoka nje moja kwa moja, na anayeosha vyombo apate cha kutazama. Na mlango wa jiko, kama unaweza, ufungukie nje. Ukifungukia ndani unakula kama robo ya sakafu iliyobaki.

Urefu wa meza kwenda juu. Hapa mama wa kitenge ndipo nilipokuhitaji. Simama wima, kunja kiwiko, mkono mbele. Napima toka sakafuni mpaka kiwikoni: sentimita 98. Toa kama 12. Meza yako wewe ni sentimita 86. Mafundi wengi wanajenga 90 bila kuuliza, na kwa watu wengi inatosha. Mimi mke wangu nilimjengea mita moja kamili. Mimi ni mrefu, nilijipima mwenyewe, nikaona raha sana. Mke wangu akawa anakata nyama mabega yamefika masikioni kama mtu anayesikia baridi. Alivumilia miezi mitatu kwa heshima ya ndoa, halafu akaweka kigoda cha kupandia. Siku niliyoona kile kigoda nilichukua msumeno.

Na bado hatujafika kwenye ugali. Sikilizeni hesabu hii. Meza ni 90. Juu yake unaweka jiko la gesi la mezani, la plate mbili, linainuka sentimita 12 hivi. Juu yake sufuria, sentimita 18. Mdomo wa sufuria sasa uko sentimita 120, na kiwiko cha mama huyu kiko 98. Utasongaje ugali wa watu sita mikono ikiwa juu ya kifua? Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili, kwenda chini. Ndiyo maana bibi zetu walisongea jiko likiwa chini, mguu umekanyaga, mwiko umesimama. Kwa hiyo pale pa jiko peke yake, meza ishushwe iwe sentimita 70. Uso wa jiko utakaribia kulingana na meza ya pembeni, na mdomo wa sufuria utakuja kwenye kiwiko. Mwambie fundi mwashi mapema, kabla hajamwaga zege. Atakubishia. Atasema haipendezi. Mwulize nyumbani kwake nani anasonga ugali.

Tukija kwenye gesi, naomba utulivu, hata wale wanaochati.

Gesi yetu ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki juu ikatoka dirishani, inashuka chini, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye kabati kama maji kwenye beseni. Sasa mtu anajenga kabati zuri lenye milango, anafungia mtungi ndani, anaona amependezesha. Amejenga beseni. Kama mtungi lazima ukae ndani ya kabati, kabati hilo liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, na juu pia, na chumba nacho kiwe na pa kutolea hewa chini, hata upenyo mpana chini ya mlango wa kutokea nje. Bora zaidi mtungi ukae nje, kwenye kibaraza au nyuma ya ukuta, kivulini, umesimama wima, na mpira upite ukutani. Usiulaze mtungi kamwe. Ukibadilisha mtungi, piga povu la sabuni kwenye maungio, ukiona linatoa mapovu funga. Kiberiti si kipimo. Na ukiingia usiku ukasikia harufu, usiguse swichi, hata ya taa. Funga mtungi, fungua madirisha, toa watu nje.

Mama mmoja ameniuliza pale nje: mtungi wa kilo 6 au wa 15? Jiko dogo lenye mtungi wa ndani, mimi napenda mitungi miwili ya kilo 6 kuliko mmoja wa 15. Mmoja ukiisha saa mbili usiku unaunga mwingine, na hata mwanamke mjamzito anaweza kumwomba mtoto wa jirani ambebee. Gharama ya kujaza kwa kilo inaweza kuzidi kidogo, hilo piga hesabu na duka lako.

Umeme sasa. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990. Hapo ndipo mwisho wa soketi moja. Birika la umeme linakula kama wati 2,000. Maikrowevu inavuta kama 1,200. Viweke vyote viwili kwenye ekstensheni moja, asubuhi, mmoja anachemsha chai mwingine anapasha kiporo, tayari mmevuka. Ekstensheni za bei rahisi waya wake ni mwembamba kuliko maandishi yaliyo juu ya boksi. Zinapata moto, plastiki inalainika, na inayofuata ni harufu. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa cha pili cha umeme, mlipe fundi umeme. Friji liwe na soketi yake, na kile kikinga umeme chake, maana umeme ukirudi kwa kishindo compressor, ile mashine yake ya kupoza, ndiyo inayoumia. Juu ya meza weka soketi mbili za mapacha, mbali na sinki na mbali na moto wa jiko. Na waya wa ardhini uwepo kweli, usiwe mapambo.

Nimechelewa kufika kwenye vifaa, najua, na hicho ndicho mlichoniitia. Lakini sasa vitakwenda haraka, kwa sababu kila kifaa nina swali moja la kukiuliza: utalala wapi? Mnavyouliza mgeni. Kama jibu ni "juu ya meza", basi ujue amechukua kitanda cha mtu mwingine.

Friji. Usinunue kwa kuangalia la jirani. Pima nafasi, ongeza upana wa kupumulia nyuma na pembeni, sentimita 5 mpaka 10, maana lile joto linatolewa nyuma au ubavuni, na likikosa pa kwenda mashine inafanya kazi mchana na usiku na LUKU inalia. Lisigusane na jiko. Angalia kama mlango unaweza kuhamishwa ukafungukia upande wa pili. Mengi yanahamishika, ila muuzaji hakwambii. Umeme ukikatika, usilifungue fungue kuchungulia: likibaki limefungwa linatunza ubaridi kama saa nne hivi. Na wale wa friza la kulala, la kuuzia barafu na juisi, lile ni duka, si jiko. Liweke ukumbini.

Tangu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uzinduliwe Mei 2024, ule wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kila ninapoingia naulizwa: fundi, gesi au umeme? Mimi nasema vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Maharage, makande, nyama ya kongoro, hizo mpe presha kuka ya umeme. Ina wati kama 1,000, lakini ikishapata presha inakata umeme na kurudi kidogo kidogo, kwa hiyo kuchemsha maharage mara nyingi hakumalizi uniti moja. Ina faida moja nyingine ambayo hamtaiona kwenye tangazo: haihitaji kukaa jikoni. Iweke kwenye kona ya sebule yenye soketi yake nzuri, mvuke wake usielekee ukutani wala chini ya kabati. Ugali, chapati na vitunguu vya kukaanga viachie gesi.

Kuna dada hapa ameandika jiko la induksheni, lile la kioo ambalo halitoi moto. Dada, kabla hujalipia, nenda nyumbani na sumaku, hata ile ya mlango wa friji. Ibandike chini ya sufuria zako. Jiko lile linapasha sufuria yenye chuma tu, inayoshikwa na sumaku. Sufuria zetu hizi za alumini, tulizonunua seti, tulizotunzwa harusini, halitazitambua. Utabonyeza, litapiga kelele, litazima. Utalazimika kununua sufuria upya. Kama hutaki, kuna lile linalofanana nalo, la infraredi, ambalo kioo chake kinakuwa chekundu. Lile linakubali sufuria yoyote, mradi kitako kiwe bapa, ila kioo kinabaki cha moto muda mrefu baada ya kuzima, na watoto hawajui.

Blenda nunua, ndogo, ikalale kabatini. Maikrowevu, kama una kiporo kila siku na kuna rafu imara ya ukutani, sawa. Kama huna rafu, sufuria ndogo inapasha vilevile. Oveni kubwa... mwenye oveni kubwa, unaoka mara ngapi kwa mwezi? Nasikia sauti inasema keki za kuuza. Aa, basi hiyo ni biashara, imechukua haki yake ya kukaa. Nimejibiwa.

Na mkaa? Najua jiko la mkaa halitatoka nyumbani mwenu, hata kwangu lipo, kwa chapati na kwa siku gesi ikiisha. Lakini mahali pake ni kibarazani, nje. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kidogo kilichofungwa kinajaa kabla mtu hajajua.

Sasa niseme kitu cha kuniharibia biashara. Makabati mnayoyaona kwenye simu, yanayong'aa, mengi ni chipbodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Kwenye jiko la Dar es Salaam, ndoo inamwagika, joto, chumvi ya bahari hewani, chini yake linavimba kama andazi. Na ule uwazi wa nyuma ndiyo kijiji cha mende. Kwa jiko dogo lenye pesa kidogo, jengeni slebu ya zege, mpige vigae, chini muache wazi muweke pazia la kitambaa. Mnafua pazia, mnapiga deki mpaka ukutani, mende hana pa kujificha. Kama unataka milango, uipate baadaye, na kabati liwe na miguu, lisikae sakafuni. Sehemu ya chini iachwe imeingia ndani sentimita 7 au 10 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia. Nenda kasimame mbele ya kabati lisilo na huo uwazi, utaona unavyopinda mgongo.

Ile sehemu ya chini ya slebu ndiyo ya maji. Ratiba za mgao mnazijua kuliko mimi. Pipa la lita 100 likijaa ni kilo 100, kwa hiyo liwekwe pale litakapokaa na lijazwe kwa mpira hapohapo, chini ya zile sentimita 70 za meza upande wa pili wa sinki. Unga na mchele viwekwe juu, kwenye ndoo zenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na mvuke wa presha kuka. Kichanja cha vyombo kining'inizwe juu ya sinki, maji yadondokee sinkini. Lakini vyombo vikubwa vitoeni juani kama kawaida, jua ni la bure. Rafu za juu zianze sentimita 45 au 50 juu ya meza, na juu ya moto pasiwe na rafu yoyote ya mbao. Rafu ya juu kabisa ni ya sinia za Idi na sufuria za maulidi na Krismasi.

Kuna swali pale. Eeh? Anasema yeye ni mpangaji, hawezi kumwaga zege nyumba ya mtu. Swali zuri, na pengine ningeanza nalo, maana wapangaji humu ni wengi. Mpangaji anunue meza. Meza ya mbao ngumu, sentimita 60 kwa mita 1.2, urefu wa kiwiko chako toa 12, rafu moja chini, miguu miwili iwe na magurudumu yenye breki. Ukihama inahama. Kwa jiko la gesi nunua stendi fupi ya chuma ya sentimita 70, wachomeleaji wa mtaani wanakutengenezea kwa siku moja, wape kipimo kwenye karatasi. Hivyo viwili, na umeme uliokaguliwa, ndiyo mkopo wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu utakuwa umejua mwenyewe kama unahitaji friji la lita 90 au la 200, kwa sababu utakuwa umepika na umeona nini kinakuharibikia.

Mama Mwenyekiti, naona unaangalia saa, na hesabu za hisa bado hamjafanya. Mama wa kitenge, ahsante, unaweza kutoka kwenye jiko. Chaki naiacha hapa mezani. Mchoro huu nafuta kona hii ya mlango tu, mwingine aingie na vipimo vyake. Wewe dada wa sumaku, njoo. Jiko lako umesema ni mita ngapi kwa ngapi? Na mlango unafungukia wapi?